Kuhesabu madarasa ya kata inayokua haraka

Unauliza muanzie wapi kuhesabu madarasa yanayohitajika, wakati kila Januari uandikishaji unawazidi. Msianzie na idadi ya mwaka jana, maana hiyo inaonyesha mlikotoka tu. Watoto watakaoingia Darasa la Kwanza 2028 walishazaliwa, wengi wao mwaka 2021 na 2022. Pitieni daftari la wakazi mtaa kwa mtaa, kisha mlinganishe na daftari la chanjo la zahanati. Zahanati pekee inadanganya, kwa sababu kina mama wa kata jirani nao huleta watoto hapo. Ongezeni viwanja vipya ambavyo nyumba zake zimeshafika lenta (usawa wa juu ya milango na madirisha). Wenye nyumba hizo mwakani ni wazazi wa shule yenu.

Kwa uwiano wa 1:45, yaani chumba kimoja kwa watoto 45, watoto 312 kwa mfano ni mikondo 7 (makundi ya darasa moja, kila moja na chumba chake). Hapa ndipo wengi hukosea: wanajenga chumba kimoja kwa mkondo ulioongezeka, wanashangilia. Mkondo huo utapanda darasa kila mwaka, na ukiendelea kujirudia nyuma yake, utadai chumba kingine kila Januari mpaka watoto wa mkondo wa kwanza wamalize shule. Kila chumba kinahitaji madawati 15 ya watoto watatu watatu, na matundu ya vyoo: wasichana 20 kwa tundu, wavulana 25.

Sekondari ndiyo inanitisha zaidi. Kwa mtaala mpya wa Tanzania, ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita badala ya la saba, darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja 2027, hivyo Kidato cha Kwanza 2028 kinapokea makundi mawili kwa mpigo. Bajeti yake isingoje mitihani.