Mtoto ameuliza kuhusu Wayahudi waliouawa: nimsomee kitabu gani?

SWALI: Tunaishi Berlin. Mbele ya mlango wa jengo letu kuna vijiwe vinne vyenye bamba la shaba, vya kuwakumbuka Wayahudi walioishi hapa. Binti yangu wa miaka 7, yuko darasa la pili, siku hizi anasoma kila anachokiona, na juzi alivisoma vyote. Kimoja ni cha msichana aliyezaliwa 1936 akauawa katika kambi ya Auschwitz 1943. Akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Mama, alikuwa na miaka saba kama mimi. Alifanya kosa gani?" Nilibabaika. Baba yake anasema tumwache mpaka akue. Rafiki yangu amenipa ile riwaya ya mvulana wa pajama za mistari, anasema ni laini, haina damu, na mwanawe aliipenda sana. Nimsomee hiyo au nisubiri?
Mama wa binti wa miaka 7, Berlin

JIBU: Dada yangu, usimsomee hiyo. Na usisubiri.

Kusubiri kungewezekana kama asingekuwa anajua kusoma. Huyu amekwisha kusoma kwamba mtoto aliuawa, miaka ameihesabu, na swali ameliuliza. Ukimnyamazia atajijibu mwenyewe, na mtoto wa umri huo hujijibu moja kati ya mawili: ama yule msichana alikuwa na kosa, ama na yeye siku moja watakuja kumchukua. Kwa hiyo kabla ya kitabu chochote, mjibu alichokuuliza. Hakufanya kosa lolote. Serikali ya wakati ule, ya Hitler na chama chake cha Nazi, iliamua kwamba Wayahudi hawastahili kuishi, ikawachukua wakubwa kwa watoto, ikawaua. Ilikuwa dhuluma. Serikali ile ilishindwa vitani mwaka 1945, haipo tena. Maneno hayo yanamtosha. Akiuliza waliuawaje, mwambie hilo utamweleza akiwa mkubwa zaidi. Usimwambie hujui, kwa sababu unajua na yeye ataliona hilo usoni mwako.

Sasa hiyo riwaya. Katika kazi yangu ya ukutubi wa watoto hakuna kitu kinachonikera kama hiki, na siwalaumu wazazi, nawalaumu wanaokipendekeza bila kufikiri. Kitabu chenyewe, The Boy in the Striped Pyjamas cha John Boyne, kilitoka 2006, na tangu hapo kimekuwa jibu la haraka kwa kila mtu anayetaka "kitu cha watoto" juu ya Maangamizi ya Wayahudi. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau yenyewe yalitamka wazi kwamba yeyote anayesoma au kufundisha historia hii akiepuke. Watu wengi wanaokigawa hawajawahi kusikia hilo.

Kwa nini kiepukwe? Kisa chake ni cha mtoto wa mkuu wa kambi, mwenye miaka 9, anayekwenda kila mara kwenye seng'enge kuzungumza na mtoto wa Kiyahudi aliye upande wa pili. Seng'enge ya Auschwitz ilikuwa na umeme na walinzi wenye bunduki. Watoto na vijana zaidi ya 200,000 walipelekwa pale, wengi sana wao wakiwa Wayahudi, na wadogo wasioweza kutumikishwa kwa kawaida waliuawa kwenye vyumba vya gesi siku ileile waliyofika. Mtoto anayeketi kando ya seng'enge siku baada ya siku akipiga soga ni mtoto ambaye kambi ile haikumpa nafasi ya kuwepo. Msichana wa kwenye kijiwe chenu hakupata rafiki wa kuzungumza naye pale.

Na huyo mtoto wa Kijerumani asiyejua Myahudi ni nani, huyo ni wa kubuni kuliko yote. Dola ya Wanazi haikumwacha mtoto wa Kijerumani asijue. Shuleni alifundishwa kwamba Wayahudi ni watu duni na wa hatari. Akifika miaka 10 aliingizwa kwenye jumuiya ya vijana ya chama. Na hili linaniuma zaidi kama mtu wa vitabu: alitungiwa vitabu vya picha. Mwaka 1938 kampuni ya Julius Streicher, mchochezi mkubwa wa Wanazi dhidi ya Wayahudi, ilichapa kitabu cha watoto kiitwacho Der Giftpilz, ambamo mama anachuma uyoga na mwanawe msituni, anamwonyesha uyoga wenye sumu, kisha anamfundisha kwamba na miongoni mwa watu wapo wenye sumu, nao ni Wayahudi. Picha zake zina rangi nzuri, maandishi ni mepesi, mtoto wa miaka 7 angeweza kukisoma peke yake. Streicher alinyongwa mwaka 1946 baada ya hukumu ya mahakama ya Nuremberg kwa uchochezi wake. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba kitabu cha watoto ni hadithi tu, hakina madhara, huwa simwachii ipite.

Halafu tazama msomaji anamlilia nani mwishoni mwa riwaya hiyo. Anamlilia mtoto wa mkuu wa kambi, aliyeingia kambini bila kujua ni mahali gani, akauawa humo. Basi mtoto anayefunga kitabu hicho amejifunza nini? Kwamba msiba ni kuuawa yule asiyestahili, kana kwamba wengine waliomo mle walistahili. Rafiki yako ana nia njema, lakini kitabu hicho ni laini kwa sababu ukweli umeondolewa ndani yake.

Hapo ndipo lilipo kosa ninalokutana nalo kila mara, kwa wazazi na kwa walimu pia: kudhani kwamba mtoto mdogo anahitaji hadithi iliyotengenezwa ili asiumie. Mtoto mgonjwa hupewa kipimo kidogo cha dawa ileile, hapewi maji yaliyotiwa rangi. Punguza, acha sehemu kubwa bila kuisema, ila hicho kidogo unachosema kiwe kitu ambacho hutalazimika kukikanusha akifika miaka 14. Yapo mambo ya kweli yanayomtosha kabisa mtoto. Angalia hekaya ya mfalme wa Denmark aliyevaa nyota ya njano, alama ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuivaa, kuwaunga mkono raia wake Wayahudi. Inasimuliwa mpaka leo, nayo haikutokea: Wayahudi wa Denmark hawakuamriwa kuvaa nyota hiyo. Kilichotokea kinapendeza kuliko hekaya. Oktoba 1943 watu wa kawaida na wavuvi waliwavusha kwa mashua Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Sweden. Mtoto anaweza kuonyeshwa bahari ile kwenye ramani.

Kwa binti yako, nisingeanza na kifo. Tafuta kwanza kitabu cha picha kuhusu mtoto wa Kiyahudi wa siku hizi, mwenye bibi mkali, mishumaa ya Ijumaa jioni na meno yaliyong'oka. Hapo Berlin wapo, pengine yuko mmoja darasani kwake. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao nusu milioni, kama 160,000 wao mjini Berlin: madaktari, washonaji, wenye maduka, maskini, wanasoka. Mtoto anayekutana na Wayahudi kwa mara ya kwanza wakiwa maiti atabaki akiwajua kama maiti.

Baada ya hapo, msomee polepole kitabu cha Judith Kerr, When Hitler Stole Pink Rabbit, ambacho Wajerumani wanakijua sana. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 9 familia yake ilipokimbia Berlin mwaka 1933, na ndani ya kitabu msiba ni wa kipimo cha mtoto: kuchagua mwanasesere gani aende naye na yupi abaki. Peke yake atakisoma akifika miaka 9 au 10. Sasa msomee wewe, sura moja moja, mchana, si wakati wa kulala. Wewe kisome chote kwanza. Akisema basi, funga.

Kipo pia kitabu cha picha cha Inge Deutschkron kuhusu Otto Weidt, fundi wa brashi aliyeajiri vipofu wa Kiyahudi na kuwakinga. Karakana yake ni makumbusho sasa, Rosenthaler Straße 39, na kiingilio ni bure. Kuna chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mahali palipokuwa na kabati, alimoficha familia ya watu wanne. Walisalitiwa, wakapelekwa Auschwitz. Nakutajia hilo mapema ili uamue mwenyewe mtamaliza ziara mlango gani.

Zaidi ya yote, tafuta habari za msichana wa mlangoni. Berlin ina tovuti ya vijiwe hivi, na vingi vimeandikiwa wasifu. Pengine utapata alisoma shule gani, baba yake alifanya kazi gani, walihama nyumba mara ngapi kabla ya kuchukuliwa. Hakuna kitabu dukani kitakachojibu swali la binti yako kama maisha ya mtoto aliyepanda ngazi hizohizo.

Usidanganywe na picha kwenye jalada. Rose Blanche, kilichochorwa na Roberto Innocenti, kina kurasa chache na michoro ya kupendeza, na kinamalizikia kwa kifo cha msichana aliyekuwa akiwapelekea chakula watoto wa kambini. Nimekikuta mara nyingi kwenye rafu ya chekechea. Shajara ya Anne Frank nayo aliiandika akiwa na miaka 13 hadi 15. Iwekee umri huo. Makumbusho ya Maangamizi yaliyoko Washington yanashauri historia hii ifundishwe kwa mapana kuanzia darasa la sita. Hilo halikuzuii kujibu swali la mtoto wa darasa la pili, linakuzuia kumfungulia mlango wote.

Wala usimjazie vitabu vya waokoaji peke yao. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Maangamizi, imewatambua waokoaji zaidi ya 28,000, na Wajerumani miongoni mwao hawafiki 700. Mtoto akisoma visa vya waokoaji tu, ataamini kila nyumba ilimficha mtu, kisha hataelewa Wayahudi milioni 6 waliuawaje.

Kwa kuwa ni binti wa Waswahili anayekulia Berlin, ipo siku utampeleka Brunnenstraße 193. Pale kuna kijiwe cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyefundisha Kiswahili Berlin, akakamatwa 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Ni wetu, na ajulikane. Lakini usianze naye ili kumkwepa msichana wa mlangoni. Mpango wa kuwamaliza Wayahudi wote, mpaka watoto wachanga, ulikuwa jambo la peke yake, na mtoto asikorogewe visa vyote pamoja.

Hapa nisemee na wengine, kwa maana barua zenu zinafanana. Mtoto akiuliza "walifanya kosa gani", wapo watu wazima wanaotafuta kosa: walikuwa matajiri mno, walijitenga, walimkataa huyu au yule. Jibu hilo ni ule ule uyoga wa Streicher, umetafsiriwa tu. Wapo pia wanaoniambia hawatamsimulia mtoto habari hizi kwa sababu ya vita vya Gaza. Mtoto aliyeuawa Auschwitz 1943 hadaiwi chochote kwa vita vya leo, na kumhuzunikia hakumzuii mtu kuwahuzunikia watoto wa Gaza.

Na jihadharini na wauza njia za mkato. Kuna mafunzo ya mtandaoni yanayoshauri nusu ya watoto wabandikwe nyota za njano na kunyimwa mapumziko ili "wahisi". Watoto hao wanachohisi ni kuonewa na mwalimu wao kwa asubuhi moja. Jioni wanarudi nyumbani wakidhani wameonja kilichowapata Wayahudi wa Warsaw. Taasisi kubwa zinazofundisha historia hii zimekuwa zikishauri kwa muda mrefu michezo hiyo iepukwe, na mzazi ana haki ya kuipinga.

Baya zaidi sasa ni picha za kutengenezwa na akili bandia. Mnamo 2025 Makumbusho ya Auschwitz yalilalamika hadharani kuhusu kurasa za Facebook zinazobuni nyuso za watoto wa kambini na kuwaundia maisha ambayo hayakuwepo, ili watu wabofye na kulia. Picha hizo zinaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na mama mwenye huruma anamwonyesha mtoto. Msifanye hivyo. Tafuteni jina kwanza kwenye hifadhi ya makumbusho yenyewe, na lisipopatikana, futeni. Wanaokanusha kwamba Wayahudi waliuawa wanazisubiri picha hizo: mtoto mmoja wa uongo akigunduliwa, watauliza kama na yule wa kwenye kijiwe chenu aliwahi kuwepo.