Wastani wa halijoto ya juu, au wastani wa juu wa halijoto?

Swali: Nafundisha jiografia sekondari. Tukikokotoa halijoto ya mwaka mzima, wanafunzi huandika "joto la wastani", "wastani wa halijoto wa mwaka" na "wastani wa halijoto ya mwaka". Lipi sahihi?

Jibu: Mwalimu, yote ni Kiswahili, ila hayasemi jambo moja.

"Joto la wastani" lina utata. Wastani, mbali na maana yake ya kihesabu, ni kiasi cha kati: kimo cha wastani, kipato cha wastani. Ukiandika kwamba Arusha ina joto la wastani, msomaji ataelewa kuwa si kali sana, wala hatadhani kuna mtu aliyejumlisha na kugawanya. Kwenye hesabu, wastani utangulie. Na "halijoto" inafaa kuliko "joto", maana kuna miji kama Moscow ambako wastani wa Januari uko chini ya sifuri. Hilo nalo utaliita joto?

Sasa "wa" na "ya". Ukisema "wa mwaka", mwaka unaeleza wastani. Ukisema "ya mwaka", unaeleza halijoto. Hapa maana haiharibiki, ingawa mimi huchagua "wa", kwa kuwa mwaka ndicho kipindi tulichokikokotolea.

Hatari iko kwenye "juu" na "chini". Vituo vya hali ya hewa hurekodi halijoto ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila siku. Chukua zile za juu peke yake, zijumlishe, gawanya kwa idadi ya siku: huo ni wastani wa halijoto ya juu. Kwa Dar es Salaam hupita kidogo nyuzi 30 za Selsiasi. Ukiingiza na zile za chini, ambazo ni za usiku na alfajiri, wastani wa halijoto wa mwaka unashuka hadi karibu 26. Mwanafunzi akiiita ile 30 "wastani wa juu wa halijoto", amesema kwamba wastani wenyewe ni mkubwa, na mtahini makini atamkata alama. Mimi pia ningemkata.

Kuhusu kizio, "nyuzi" na "digrii" zote zinakubalika. Asichanganye tu katika jedwali moja, na upatanisho wa "nyuzi" ni "za": nyuzi 26 za Selsiasi, si "ya Selsiasi".