Kualisha vidole, na vifundo vya mwanzi

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili hualisha vidole kutwa nzima. Bibi yake anasema akifika utu uzima atashindwa kushika hata mpini wa jembe kwa baridi yabisi. Kijana naye kanigeuzia swali: mbona mwanzi una vifundo lakini haukunjiki pale kama kidole? Nimekosa jibu.
Mama, Mafinga

Marahaba, mama. Bibi aendelee kuheshimiwa, ila kwa hili mjukuu hana kesi. Mifupa ya kidole inapokutana kuna kifuko chenye ute wa kulainisha. Ukivuta kidole, nafasi ndani yake inapanuka ghafla, mgandamizo unashuka, na gesi iliyoyeyuka kwenye ute inajitenga kuwa kiputo. Mlio unatoka hapo. Mwambie arudie kidole kilekile papo hapo: kimya! Mpaka gesi iyeyuke tena, zinapita kama dakika 20.

Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, naye alitishiwa hivyohivyo na mama yake. Kwa miaka 50 akaalisha vidole vya mkono wa kushoto, wa kulia akauacha ili alinganishe. Mwaka 1998 akaandika kwamba mikono yote miwili haikuwa na ugonjwa. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini hata waliochunguza watu wengi hawajakuta kwamba mlio huo unaleta baridi yabisi. Mimi unanikera tu, hasa kwenye chumba cha mtihani.

Kiungo kikivimba, kikiuma, kikipata joto au kikikakamaa muda mrefu kila asubuhi, hiyo ni habari nyingine. Nendeni hospitali, msikae nyumbani mkichua.

Swali la kijana ndilo limenifurahisha. Ndani ya kila kifundo cha mwanzi kuna ukuta mgumu. Atazame mbeta ya ulanzi, kile chombo cha mwanzi cha kuwekea pombe: haivuji kwa sababu fundi kaacha ukuta huo uwe kitako. Shambani, ukuta huo unauzuia mwanzi usibonyee upepo unapoupinda. Tena sehemu changa inayokua iko jirani na kifundo, kwa hiyo pingili nyingi hurefuka kwa pamoja. Ndiyo maana mwanzi unapanda mbio namna ile.

Ila asijione kashinda. Mahindi nayo ni jamii ya nyasi, ndugu wa mwanzi. Upepo ukiyalaza kabla hayajatoa mbelewele, subirini siku chache mkaangalie. Bua litakuwa limeinua kichwa, na limepinda kwenye kifundo hasa. Upande wa chini wa kifundo umekua kuliko wa juu, ukalisukuma bua liinuke. Goti unalikunja na kulinyoosha utakavyo. Kona ile ya hindi inabaki mpaka mavuno. Akate bua moja, apime kwa rula upande wa chini na wa juu wa kona. Mengine myaache yajiinue yenyewe, maana mkiyanyanyua kwa mkono mtakata mizizi iliyosalia.