Jicho langu ni zima, ila halioni. Dada, usisubiri mtoto akue

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miezi minne mwenye weupe kwenye mboni ya jicho moja, na bibi yake anashauri msubiri afike miaka mitano ili "mwili uweze kuhimili kisu": nimesoma majibu yote ya juu. Nia ni njema, ila mimi ndiye yule mtoto aliyesubiriwa.

Nilizaliwa na mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo nyeupe badala ya angavu, kwenye jicho la kulia. Kwetu Lushoto wakati ule ukisema mtoto wa jicho watu wanawaza babu na mkongojo, si kichanga, kwa hiyo nilibaki hivyo hivyo, na shuleni nikaitwa Chongo. Nikapasuliwa nikiwa na miaka 11. Siku ya kutoa bandeji mama alisimama mbele yangu akisubiri niseme naona. Niliona mwanga, na rangi za kitenge chake. Uso wake sikuupata. Daktari akamulika, akapima, akaweka miwani ya kila namba, kisha akasema jicho ni zima. Nyumbani wakaamini upasuaji uliharibika. Haukuharibika. Lenzi ni safi, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) haina kasoro, na jicho halioni.

Mpaka leo nikiziba la kushoto naona rangi na umbo la mtu, na vidole naweza kuvihesabu vikiwa karibu. Herufi za kichwa cha gazeti zinarundikana kama siafu. Watu hudhani ni ukungu, lakini ukungu naujua, nikivua miwani jicho zuri linaona ukungu. Hii ni kama mimi Msambaa kukaa kijiweni na Wasukuma wanaoongea haraka: sauti zote zinaingia masikioni, maneno hayaingii.

Nilikuja kuelewa ukubwani. Jicho linapokea mwanga tu. Kuona kunafanyika kwenye ubongo, sehemu ya kisogoni, na sehemu hiyo haizaliwi ikijua kazi. Inafundishwa na picha zinazoingia tangu siku za kwanza. Miaka ya 1960 watafiti wawili wa Harvard, David Hubel na Torsten Wiesel, waliwashona paka wachanga kope za jicho moja kwa wiki kadhaa. Walipofungua, jicho lilikuwa zima, ila seli za ubongo karibu zote zilikuwa zikiitikia jicho lile lingine peke yake. Katika wiki ya nne au ya tano ya umri, hata siku tatu nne za kuziba zilitosha kuleta madhara. Paka mzima akizibwa kwa miezi mingi, hakuna kinachobadilika. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mwenye kiwanja Dar atalielewa hili upesi. Ukinunua usijenge, usifyeke, jirani anasogeza uzio kidogo kidogo, na siku unarudi na hati yako mkononi unakuta ana nyumba na choo juu yake. Macho mawili yanagombea eneo moja la ubongo kwa namna hiyo. Ndiyo maana weupe kwenye jicho moja una haraka kuliko watu wanavyodhani: mtoto anacheza, anacheka, anakamata kijiko, kila mtu anasema anaona vizuri. Anaona, kwa jicho moja, na jicho hilo ndilo linalosogeza uzio. Kwa jicho moja madaktari hupenda kupasua karibu na wiki ya sita ya maisha. Mwanao amepita hapo, lakini mwezi wa nne si mwaka wa tano.

Kuna sababu nyingine, na sikutaka kuanza nayo nisikutishe. Weupe kwenye mboni si lazima uwe mtoto wa jicho. Unaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwapata watoto wadogo na hutibika ikiwahiwa. Kwa macho ya nyumbani huwezi kuvitofautisha. Nenda wiki hii.

Sasa la binti yangu. Alipozaliwa niliomba amulikwe macho, nikaambiwa vichanga wote wako hivyo. Wiki ya tatu nikampiga picha ya simu kwa flashi: mboni moja ikatoka nyekundu, nyingine nyeupe. Alikuwa amerithi yangu. Akapasuliwa wiki ya saba. Kwa umri ule hawakumwekea lenzi ndani, akavaa miwani yenye kioo kinene upande mmoja, iliyofungwa kwa lastiki kisogoni.

Wengi wanadhani upasuaji ndio matibabu. Upasuaji ni kufungua dirisha. Matibabu ni plasta: unaziba jicho zuri ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Sisi tulipewa saa moja kwa siku kwa kila mwezi wa umri hadi miezi minane, baadaye nusu ya muda anaokuwa macho. Ni miaka, dada. Akiwa na mwaka mmoja alijua kuing'oa, akaibandika kwenye mkia wa paka. Tulimvalisha soksi mikononi. Shangazi yangu akaja akakuta tumeziba jicho zima na kuacha bovu, akalia, akasema tumerogwa. Mke wangu alichoka akaacha wiki mbili, na kliniki wakaliona pengo hilo kabla hatujalisema. Simlaumu, mimi nilikuwa kazini, yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza kilio.

Yuko darasa la nne. Jicho lile halijalingana na mwenzake, lakini likiachwa peke yake linasoma kitabu cha shule. Kila mwaka anapimwa presha ya macho, kwa sababu waliopasuliwa wakiwa wachanga wanaweza kuipata hata miaka mingi baadaye. Usiruke hizo kliniki.

Na ndugu uliyeuliza hapo chini kuhusu wako wa miaka sita mwenye jicho vivu (jicho zima ambalo ubongo haulitumii vizuri) kwa sababu ya makengeza: hujachelewa kama mimi. Jicho lake lilikuwa linapokea picha, langu lilikuwa gizani. Miwani na plasta bado vinasaidia sana umri huo. Kama uvivu wa jicho ni wa kiwango cha kati, saa mbili za plasta kwa siku hutosha mara nyingi.

Dada, hospitali za CCBRT Dar na KCMC Moshi wanapasua macho ya watoto. Ukifika mapokezi usiseme "jicho linasumbua", sema "mtoto ana weupe kwenye mboni". Ukishapewa tarehe rudi hapa, mke wangu atakuelekeza namna ya kubandua plasta bila kuondoka na nyusi.