Umri wa kijana kwa meno: tazama magego, mapengo ya mbele achana nayo

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, ukikaribia, walimu wa michezo huniletea vijana: "Dokta, huyu ana miaka mingapi?" Cheti cha kuzaliwa hakuna, kadi ya kliniki imepotea, basi meno ndiyo yatoe ushahidi.

Kwa mtoto wa shule ya msingi yanasaidia kweli. Mwambie apanue kinywa, uanzie nyuma. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, wala halisubiri jino lolote ling'oke. Ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto wakaliacha lioze (hilo linaniudhi kuliko swali la umri). La pili hutoka kati ya miaka 11 na 13. Ukikuta bado kuna magego ya utoto na gego la pili halijachomoza, huyo kwa kawaida hajafika 13.

Chonge ziamini kwa tahadhari. Aliyechokonolewa fizi uchangani kwa imani ya "meno ya nailoni" (kwamba vijino ndani ya fizi ndivyo vinavyomletea mtoto homa na kuharisha) anaweza kukosa chonge maisha yake yote, au ikaota imepinda. Muulize mama kabla hujahesabu. Kumbuka pia wasichana huwatangulia wavulana, na watoto wetu wengi huota meno ya ukubwani mapema kuliko wa Ulaya, kwa hiyo majedwali ya huko huwaongezea umri.

Kuanzia miaka 14 hivi, kutazama kwa macho hakutoshi. Meno 28 yameshatoka. Hapo piga eksirei uone mizizi, kwa sababu jino hutokeza mzizi wake ukiwa haujakamilika. Demirjian na wenzake, Kanada, walitoa mwaka 1973 njia ya kupima hatua za ukuaji wa meno saba ya chini kushoto, na bado inatumika. Mizizi hiyo ikishafunga, karibu na miaka 16, linabaki gego la mwisho, ambalo huota kwa mmoja akiwa na miaka 17, kwa mwingine 25, na wengine hawalipati kamwe.

Kwa hiyo mwalimu, usikubali karatasi yenye namba moja. Mimi huandika "kati ya 15 na 18", basi. Anayetaka tarehe kamili namwelekeza RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa, aende na cheti cha ubatizo au cha darasa la saba.