Bolti za propela shafti zikilegea tena na tena, usikimbilie kukaza

Propela shafti, au propela tu, ni bomba refu la chuma linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu. Bolti yake ikilegea mara moja, huenda fundi hakuikaza sawasawa. Ikikazwa vizuri kisha ikalegea tena, kuna kitu kinachoilegeza, na spana peke yake haitakiondoa. Hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu ya hatari yake: propela ikichomoka upande wa mbele gari likiwa kwenye kasi, ncha yake hujichoma kwenye lami na inaweza kuinua gari zima. Maelezo haya ni ya magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne: Land Rover, Hilux, Land Cruiser, Hiace na wenzao.

Anza barabarani, si gereji, kwa sababu kinacholegeza bolti mara nyingi hujionyesha kwa mtetemo. Tafuta lami iliyonyooka na isiyo na msongamano, kwa mfano, kwa aliyeko Dodoma, njia ya Manyoni ukishaiacha Bahi. Panda polepole kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 na ushike akilini mtetemo unapoanzia. Ukifika hapo, endesha kasi ileile kwa gia nyingine. Mtetemo ukibadilika kufuata mzunguko wa injini, kagua injini, mauntingi (raba zinazoishikilia injini) na kliachi. Ukibaki uleule, hata ukiweka gia huru kwa sekunde chache, basi unatoka kwenye kitu kinachozunguka baada ya gia boksi: propela, difu au matairi.

Propela na tairi hutofautishwa kwa kasi ya mtetemo wenyewe. Tairi lenye mzunguko wa mita 2, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka karibu mara 670 kwa dakika. Difu ikiwa ya 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 kila tairi linapozunguka mara moja, propela inazunguka zaidi ya mara 2,700 kwa dakika hiyohiyo. Kwa hiyo tairi bovu hutikisa usukani au kiti kwa mapigo unayoweza karibu kuyahesabu, lakini propela hutoa mvumo mwembamba unaosikika miguuni, sakafuni na kwenye kioo cha ndani. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka tu, ukiwa na mzigo, shuku senta beringi (beringi inayoshika propela katikati) au pembe ya propela. Mlio wa "ko!" unapotoka rivasi kwenda gia ya kwanza ni wa krosi jointi (kiungo cha umbo la msalaba kinachoruhusu propela kujikunja), meno ya shafti (sehemu inayoteleza ili shafti irefuke na kufupika), au nafasi iliyozidi ndani ya difu.

Kama gari limetoka mbugani wakati wa mvua, lioshe kwanza. Ule udongo mweusi ukikauka ndani ya rimu au juu ya propela unatosha kuharibu balansi, na watu wamebadilisha spea nzima wakati dawa ilikuwa maji tu.

Sasa ingia chini. Weka vizuizi vya magurudumu mbele na nyuma, na gari likae kwenye stendi, kamwe si jeki peke yake. Wenye Land Rover za zamani wazingatie hili: hendibreki yao hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi, si magurudumu. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaruhusu lingine lizunguke, na gari linaweza kuondoka huku hendibreki imevutwa.

Shika propela kwa mkono mmoja na flanji (sahani ya chuma yenye matundu ya bolti) kwa mwingine, zungusha kwa kupingana, kisha sukuma juu na chini. Krosi jointi nzima haina hata chembe ya mchezo. Vumbi jekundu kama kutu kwenye vikombe vyake maana yake grisi imekwisha na chuma kinasaga chuma. Jointi inaweza pia kuwa haina mchezo lakini imekwama, na hilo hulijui mpaka ufungue shafti na kuikunja kwa mkono: ikienda kwa kushikashika, ibadilishe. Kabla ya kufungua chochote, piga alama za rangi kwenye flanji na kwenye meno ya shafti, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Kuruka jino moja tu kunaleta mtetemo ambao haukuwepo.

Hapa mikoa ya kati kuna sababu moja inayosahaulika mno: kuongeza majani ya springi ili gari libebe mahindi, alizeti au matangi ya maji. Nyuma inapanda, pembe ya propela inabadilika, na jointi zinaanza kupigana. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa tupu na kutulia likipakiwa.

Shafti iliyopinda pia hulegeza bolti. Funga waya mgumu kwenye chesisi, ncha yake ikaribie shafti, kisha zungusha kwa mkono na upime nafasi kwa filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa Toyota nyingi, mpindo, yaani tofauti kati ya nafasi kubwa na ndogo, ukizidi milimita 0.8 shafti hiyo si ya kurudishwa.

Turudi kwenye bolti zenyewe. Kazi yake ni kubana flanji mbili mpaka msuguano kati yao ubebe nguvu yote. Flanji zikiteleza hata kidogo sana, nati huanza kujifungua. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 1969. Kwa hiyo sugua nyuso zote mbili kwa brashi ya waya, ondoa rangi, kutu na grisi, na uangalie matundu. Tundu lililopanuka kuwa yai halitibiwi na bolti mpya.

Kosa kubwa ninaloliona baya kuliko yote ni kuweka bolti yoyote inayoingia. Defender na Discovery za zamani hutumia bolti za inchi 3/8 UNF (uzi mwembamba wa vipimo vya inchi), unene wa milimita 9.5, na nati zake hufunguliwa kwa spana ya inchi 9/16. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inakula kona. Wengine hutoboa matundu ili iingie bolti ya milimita 10, na hapo flanji imeharibiwa. Nunua bolti za saizi halisi, zenye ugumu uleule wa awali, pamoja na nati mpya za kujifunga. Nati ya nailoni iliyokwisha kufunguliwa imepoteza nguvu yake. Spring washa usiitegemee.

Kaza kwa zamu, mkabala kwa mkabala, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kwa Land Rover hizo ni 47 Nm. Kwa gari lingine fuata kitabu chake, kwa sababu bolti iliyokazwa kupita kiasi hurefuka na kulegea yenyewe. Pampu grisi mpaka itoke kwenye sili zote nne za krosi. Kwa vumbi letu, kilomita 5,000 zinatosha kurudia. Mwisho chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye flanji. Ukienda upande wa Morogoro, simama Kibaigwa, acha bomba la moshi lipoe, uchungulie kwa tochi: mstari uliokatika ni nati iliyosogea.