Jibu: Kukuza mchoro mdogo wa hereni

Dada, umeuliza mchoro wa sentimita 2 utakuwaje hereni ya sentimita 6 bila kuharibika umbo. Mimi hapa Kisumu huchora miraba ya nusu sentimita juu ya mchoro, kisha miraba ya sentimita 1.5 kwenye karatasi nyingine, nahamisha mistari mraba kwa mraba. Tundu la kulabu usilikuze, kulabu ni ileile.

Mtego ni uzito. Ukikuza mara 3 kila upande, bati la shaba la unene uleule huwa zito mara 9! (Masikio yangu ni shahidi.) Kwa hiyo kata kwanza kadibodi, ining'inize sikioni, jitazame kiooni. Ukiona ukubwa unakufaa, punguza uzito: toboa bati katikati au tumia pembe ya ng'ombe, ni nyepesi kuliko shaba.